REDIO YENYE WASHA YA MFEREJI NDANI

Je, umewahi kuona orodha ya vipuri ikiua mradi kabla haujaanza? Sisi wa chama cha sayansi tuliona. Tulichanga shilingi 1,800 tuunde redio, lakini mchoro wetu ulitaka pete maalum ya unga wa chuma ya kuzungushia waya. Kila fundi tuliyemwendea alitujibu, "Hiyo, kijana, mpaka uagize ng'ambo." Nikajiuliza, kwani aliyechora hakumfikiria mtu aliye mbali na maduka makubwa?

Kumbe yuko aliyefikiria. Ni Ashhar Farhan wa nchi ya India, mpenzi wa redio za ridhaa, yaani redio za watu wanaozungumza hewani kwa kujifunza na kujifurahisha, si kwa biashara. Mwaka wa 2003 alitoa mchoro wa redio iitwayo BITX, ya kupokea na kutuma sauti kwa nguvu ya wati 6 hivi. Pete zile zilikuwa taabu kupatikana hata kwao. Basi akazungushia waya kwenye washa ya mfereji! Ndiyo, kile kiduara cha plastiki kinachozuia maji yasivuje. Koili ya namna hiyo huhitaji mizunguko mingi zaidi, lakini washa iko katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Hebu tutazame kristali pia. Redio hii hufanya kazi kwenye megahezi 14, na inahitaji kristali zinazolingana sana za kuchuja sauti za stesheni jirani. Farhan alichagua za megahezi 10. Kwa nini 10? Kwa sababu hizo hutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kompyuta na mitambo kama hiyo, kwa hivyo ni rahisi. Megahezi 4 zinazobaki hutoka kwenye sehemu ya kuchagulia stesheni, na 10 ukijumlisha na 4 unapata 14. Ila urahisi huo una gharama yake: inafaa ununue kristali nyingi kuliko unazohitaji, uzipime moja moja, halafu uchague zinazofanana. Pesa umeokoa, lakini jioni yako imekwisha.

Transista ya mwisho, inayosukuma nguvu kwenye antena, ni IRF510. Hiyo haikuundwa kwa redio hata kidogo, ni ya kuwasha na kuzima umeme kwenye mitambo, ndiyo maana bei yake iko chini.

Lakini ujanja mkubwa kabisa, kwa maoni yangu, hauko dukani. Uko kwenye mchoro. Vikuza sauti vya BITX hufanya kazi pande zote mbili: unaposikiliza mawimbi hupita huku, unapotuma hurudi kule, katika vipuri vile vile. Kipuri ambacho hakipo hakina bei!

Mambo hubadilika ukitaka kuuza seti nyingi. Tuseme kutayarisha mashine ya kutengeneza bodi ni shilingi 6,000. Ukitengeneza bodi 10, kila moja imebeba 600. Ukitengeneza 300, kila moja imebeba 20 tu. Ndivyo BITX40, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2016 ikiwa na bodi iliyokwisha kuunganishwa na mashine, ilivyouzwa kwa chini ya dola 60. Safari hii pete halisi zilitumika, maana muuzaji akiagiza nyingi kwa pamoja bei hushuka. Lakini kuzipitisha waya tunduni ni kazi ya vidole, na vikundi vya wanawake huko Hyderabad vililipwa kuifanya.

Sisi tumeanza na upande wa kupokea peke yake, kwani kutuma bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Washa tulinunua nne. Moja imepasuka tukiizungushia waya, tatu zimo ndani ya sanduku, na sasa tunatafuta kristali kwenye bodi za kompyuta mbovu.