Mkono wa Bandia Nao Huwa Mdogo

Mama msomaji, habari ya sare ya shule kila mmoja wetu anaijua. Unainunua Januari ikiwa kubwa kidogo kwa makusudi, unakunja pindo, na kabla mwaka haujaisha mikono ya shati imeshapanda karibu na kiwiko. Wapo watoto wa nchi yetu ambao hayo huwapata si kwa sare tu. Mkono wenyewe huwa mdogo, kwa kuwa ni wa bandia, na mwili unakua lakini plastiki haikui.

Tunawasema watoto wenye ualbino waliokatwa viungo na watu wanaotafuta utajiri. Akina mama wa Shinyanga na Geita hatuhitaji kusimuliwa. Tangu mwaka 2007 mauaji hayo yalipoanza kusikika mfululizo, eneo letu la migodi na ziwa limetajwa kuliko jingine. Mganga anamwambia mchimbaji mdogo kwamba duara lake halitoi dhahabu mpaka alete kiungo cha mtu, naye, ambaye labda amekopa hadi fedha ya kuwalisha vibarua wake, anaamini. Septemba 2009, pale Kahama, Mahakama Kuu iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa Bukombe. Hata hivyo, Februari 2015, huko Chato, mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili alinyakuliwa kwa mama yake na kuuawa, na mama mwenyewe akajeruhiwa kwa panga akimpigania.

Mwaka huohuo wa 2015, kikundi cha watoto wa Kitanzania waliokwisha kupoteza mikono kwa njia hiyo kilipelekwa Marekani. Waliowasindikiza walitoka shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash, Mkanada ambaye naye ana ualbino. Aliyewapokea ni mama mmoja wa New York, Elissa Montanti. Mama huyu hakuwa daktari. Mwaka 1997 alimsaidia mvulana wa Bosnia aliyepoteza viungo kwa bomu la ardhini, na tangu hapo hakuacha tena kuwapokea watoto walioumia. Aliwaweka watoto wetu katika nyumba yake ya wageni huko Staten Island, na mikono yao ilitengenezwa katika hospitali ya watoto ya Shriners, mjini Philadelphia.

Hebu fikiri, mama mwenzangu. Mtoto wa kijijini, ambaye pengine hata Mwanza mjini hajafika, anapanda ndege, anashuka katika mji wenye majumba yanayokwenda mpaka mawinguni. Staten Island ni kisiwa, na kivuko chake cha kwenda Manhattan hakilipishi nauli, nacho hupita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Watoto walikuwa huko miezi ya kiangazi. Walicheza, waliogelea, wakaokota Kiingereza kwa ile haraka ya watoto inayotushinda sisi watu wazima. Lakini katikati ya matembezi hayo kulikuwa na kazi ya kujifunza. Mkono wa namna ile hufungwa kwa mikanda inayopita mabegani; ukisukuma bega, waya unavutika, na kulabu au vidole vinafunguka. Kwa siku za kwanza hata kushika kikombe ni jasho. Na mtoto aliyezoea kufanya yote kwa mkono mmoja mara nyingi huuona ule wa bandia kuwa mzigo tu.

Kisha wakarudi nyumbani. Nasi tuliosoma habari zao magazetini tukasema Mungu ni mwema, tukafunga gazeti. Lakini mwaka 2017 baadhi yao ilibidi wavuke bahari tena, kwa kuwa mikono ilikuwa haiwatoshi. Na siku za katikati nani anaangalia?

Katika 2 Samweli sura ya 4 tunasoma juu ya Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomkimbiza kumwokoa, akamwangusha, akawa kiwete. Tunakumbuka sana siku Mfalme Daudi alipomkaribisha mezani pake. Ile miaka mingi aliyokaa Lo-debari, nyumbani kwa mtu mwingine, hatuihubiri. Watoto wetu wengi wapo Lo-debari. Kituo cha Buhangija, pale Shinyanga, mwaka 2015 kilikuwa na watoto zaidi ya 200 wenye ualbino, waliopelekwa huko ili wasiuawe. Kuwapeleka kulikuwa sawa. Lakini wapo waliokaa mwaka hadi mwaka bila mzazi kufika, wengine mpaka hawaikumbuki tena sura ya mama. Tusiwalaumu haraka wazazi hao. Nauli ni nauli, na wapo akina mama waliokimbiwa na waume zao siku ileile mtoto alipozaliwa mweupe. Ila aliye na ndugu yake huko, au jirani, anaweza kupanda basi.

Na kama mtoto wa namna hii yuko nyumbani kwako, usingoje wazungu. Mafundi wa viungo bandia wapo nchini. Wamekuwa wakifunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilicho karibu na KCMC, tangu 1981. Sehemu ya mkono iliyobaki ioshwe kila jioni kwa sabuni na maji safi, ikaushwe vizuri, ikaguliwe kama ina lengelenge, maana joto la kwetu na jasho huchubua. Akiona kidonda, asivae mpaka kipone. Jikoni mwangalie kwa karibu: mkono wa bandia hausikii moto, unaweza kuyeyuka naye hana habari. Akikuambia usiku kwamba vidole vinamwuma, vile ambavyo havipo, usimcheke wala usidhani amelogwa. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka habari kichwani, na maumivu hayo ni ya kweli. Mpapase pale palipobaki, mwambie unamwamini.

Jua nalo usilisahau, kwa kuwa saratani ya ngozi huwamaliza wenye ualbino wengi bila panga. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Darasani akae mbele, maana macho yake hayaoni mbali.

Kazi za nyumbani mpe kama wenzake. Sahani aoshe, na kuku awafungie yeye. Na ukimpelekea fundi kitambaa cha shati, mwambie upande ule wa mkono wa bandia aache nafasi ya kutosha begani kwa ajili ya mikanda, na vifungo aviweke vikubwa, ili mtoto aweze kujifunga mwenyewe.