Moshi wa Owino Uhuru: Wa Kwanza Kujua, wa Mwisho Kuulizwa

Safari hii tunavuka mpaka hadi Mombasa, Kenya. Huko upo mtaa wa mabati uitwao Owino Uhuru, wenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2007, ubavuni mwa nyumba hizo, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwa kuwa kazi ni haba, watu wa mtaa waliingia humo kuajiriwa. Mchana walikuwa wafanyakazi, usiku walikuwa majirani, na moshi ulikuwa ule ule.

Sumu ya risasi ni ya kimya. Vumbi lake hutua juu ya bati, mvua ikalisomba hadi kwenye ndoo ya maji. Mfanyakazi hulibeba nyumbani katika nguo za kazi, na mtoto hulilamba mikononi mwake. Huharibu damu, figo na mimba, na kwa mtoto mdogo hudumaza akili. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Hata hivyo watafiti walipopima damu za watoto mwaka 2015, wastani wa risasi kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa mtaa jirani wa Bangladesh.

Nani alijua kwanza? Si ofisi. Alikuwa mwajiriwa, Phyllis Omido, aliyeingia kazini hapo mwaka 2009 na kupewa kazi ya kushughulikia taarifa ya athari za mazingira. Taarifa ilishauri kiwanda kihamishwe. Yeye akaondolewa katika shughuli hiyo. Kisha mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ikakutwa na risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani. Mwaka 2012 yeye na wenzake walikamatwa kwa tuhuma za uchochezi, na baadaye mahakama ikawaachia huru.

Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fungu kubwa la lawama, asilimia 40, halikuangukia wenye kiwanda bali mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo ilikuwa na wajibu wa kukagua na kuzuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri lilipowashwa alikuwa ametimiza miaka 17.

Sisi tunaona kwamba sheria haikukosekana. Kenya ilikuwa na Sheria ya Mazingira tangu 1999, na ndani yake kamati za mikoa na wilaya. Tangu 2015 ni kamati za kaunti. Lakini tazameni viti vyake: sheria inataja wakulima au wafugaji, wafanyabiashara, na vyama vya hiari. Mfanyakazi wa tanurini hatajwi. Basi yule anayejua ni usiku gani bomba la moshi hufunguliwa hana mahali pa kukaa na kusema, na akisema peke yake kibarua huota nyasi.

Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshuka chini zaidi: inataka kamati za mazingira katika kata, kijiji, mtaa na hata kitongoji. Ni jambo zuri sana kwenye karatasi. Lakini kamati ya kijiji kilichozungukwa na shamba la mkonge itafanya nini kuhusu maji ya korona yanayomwagwa mtoni, ikiwa wanaokaa ndani yake wanategemea shamba hilo hilo kwa barabara na zahanati? Na kambi za wafanyakazi, je, zinahesabiwa kuwa sehemu ya kijiji siku ya kuchagua wajumbe?

Tunaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, liulize mambo mawili: ni kina nani wajumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa au kijiji chetu, na cheti cha mazingira cha kiwanda au shamba letu kimeandikwa masharti gani. Majibu yaletwe kwetu kwa maandishi, pamoja na majina ya matawi yaliyokataliwa kukiona cheti hicho.