Barua ya Tuhuma Siyo Barua ya Kufukuzwa Kazi

Mfanyakazi wa duka, kiwanda au nyumba ya wageni jijini Dodoma anapokabidhiwa barua ya tuhuma za nidhamu, hofu humtangulia. Wapo wanaoandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo ili kukwepa aibu. Ni haraka yenye gharama: aliyejiuzulu ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alilazimishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri anayemwachisha kazi mfanyakazi aliyetimiza miezi sita awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 humpa mtuhumiwa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na ruhusa ya kuingia kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Akisimamishwa kupisha uchunguzi, hulipwa mshahara kamili. Saa hizo zitumike kutafuta mashahidi, ratiba za zamu na ujumbe wa simu. Nyumbani nako pasifichwe kitu. Kodi na ada za watoto huhitaji mpango wa pamoja.

Anayeachishwa kazi na kuona ameonewa hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ahadi ya mdomo ya "tutakuita" hula siku hizo kimya kimya, na aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, akieleza sababu. Watumishi wa umma wana njia yao ya rufaa, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma.