Ritifaa, Ngeli na Saa: Mwanafunzi wa Kiswahili na Matatizo ya Kawaida ya Programu za Tarakilishi

Utangulizi

Makala haya yanajadili matatizo yanayomkabili mara kwa mara mtu anayeunda programu za tarakilishi ya mezani, yaani zile zinazowekwa ndani ya mashine yenyewe na kufunguliwa katika dirisha lake bila kutegemea intaneti. Hatukusudii kumfundisha msomaji lugha yoyote ya programu. Tunachokusudia ni kuonyesha kwamba baadhi ya matatizo hayo, hasa katika miji yetu, chanzo chake ni lugha wala si mashine, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana maarifa ya kuyatatua ambayo mwanaprogramu aliyezoea kufikiria kwa Kiingereza pekee huenda hana.

Ili mjadala usielee hewani, tutautia katika mtaa mmoja: Jericho, katika eneo la Makadara, upande wa Eastlands jijini Nairobi. Tumeuchagua mtaa huu kwa sababu wakazi wake wametoka katika jamii nyingi, majina yao yana sauti za lugha nyingi, na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili pamoja na Sheng. Tuchukulie basi kwamba akina mama wauzao bidhaa katika soko la Jericho wana chama cha kuweka akiba, na kwamba wameamua kuachana na daftari. Wanamwomba kijana wa mtaani awaundie programu yenye madirisha matatu: la kusajili wanachama, la kupokea michango, na la kuchapisha risiti. Kazi ya namna hii ndiyo mazoezi ya kwanza ya wanaprogramu wengi. Katika miaka ya 2000 wanafunzi wengi waliifanya kwa Visual Basic 6, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1998, au kwa Java. Zana zimebadilika tangu wakati huo, lakini matatizo tutakayoyataja yangalipo.

Ritifaa inayokata jina

Tatizo la kwanza hujitokeza wakati wa kusajili. Wanjiru anaandikishwa, kisha Atieno, kisha Mutua, na programu inafanya kazi bila kasoro. Anapofika mwanachama aitwaye Ng'ang'a, programu inatoa ujumbe wa kosa la sintaksia na kujifunga. Anayefuata ni Nyong'o, naye anakumbwa na lilo hilo. Mkazi aliyezaliwa Murang'a au aliyehamia kutoka Lang'ata naye hawezi kuandikiwa mahali atokako.

Sababu ni hii. Data huhifadhiwa katika hifadhidata, na hifadhidata nyingi huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, maandishi ya kawaida hutiwa kati ya ritifaa mbili ili yatofautishwe na maneno ya amri. Mwanaprogramu asiye mwangalifu huunga vipande: amri yake, ritifaa, jina, na ritifaa ya kufungia. Jina likiwa Ng'ang'a, tarakilishi huiona ritifaa iliyo baada ya Ng na kudhani kwamba jina limekwisha. Herufi zinazofuata huzichukua kuwa amri, na kwa kuwa amri hiyo haipo, hukataa kuendelea.

Kuna njia tatu ambazo watu hutumia kulitatua tatizo hili. Njia ya kwanza ni kuifuta ritifaa na kuandika Nganga. Hili ni kosa, na mwanaisimu ndiye awezaye kueleza ni kosa la aina gani. Katika Kiswahili, ng' na ng ni sauti mbili tofauti zinazotofautisha maana: kung'oa ni kutoa kitu kilichokita mizizi, ilhali ngoa ni wivu. Ritifaa hapa si kituo cha uakifishaji kama ilivyo katika Kiingereza. Ni sehemu ya herufi. Kuifuta ni kubadilisha jina la mtu, na jina lililobadilishwa halitalingana na lile la kitambulisho siku mwanachama atakapokuja kudai akiba yake.

Njia ya pili ni kuirudufu ritifaa, kwa kuwa SQL huzielewa ritifaa mbili zilizofuatana ndani ya maandishi kuwa ni moja. Njia hii hufaa, lakini mwanaprogramu akisahau kuirudufu katika dirisha moja tu, hitilafu hurudi. Njia ya tatu ndiyo bora: kuandika amri yenye vigezo. Amri hutangulizwa ikiwa na nafasi wazi, kisha jina hupelekwa peke yake likajaze nafasi hiyo. Kwa namna hii tarakilishi haisomi kilichomo ndani ya jina kana kwamba ni amri. Aidha, njia hii huziba mwanya wa kiusalama, kwani mtu mwenye nia mbaya angeweza kuandika amri ya kufuta data mahali pa kuandikia jina.

Hata hivyo, kazi haijaisha. Zipo ritifaa zaidi ya moja. Katika Unicode, ambao ni mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba, ritifaa iliyonyooka ni U+0027 na ile iliyopinda ni U+2019. Programu nyingi za kuchapia maandishi hugeuza ya kwanza kuwa ya pili zenyewe. Jina lililochapwa moja kwa moja na lile lililonakiliwa kutoka kwenye barua yanaweza kuonekana sawa machoni, lakini tarakilishi ikayahesabu kuwa ya watu wawili. Suluhisho ni kuchagua ritifaa moja na kuzigeuza nyingine zote ziwe hiyo pindi jina linapoingizwa, kabla ya kuhifadhiwa.

Ujumbe usio na upatanisho

Tatizo la pili huhusu ujumbe ambao programu humpa mtumiaji. Mwanaprogramu aliyezoea Kiingereza huunda sentensi moja yenye mapengo mawili, la nomino na la idadi, kisha huongeza kiambishi cha wingi mwishoni mwa nomino idadi inapozidi moja. Kitenzi chake hakibadiliki sana. Akiuhamishia mtindo huo katika Kiswahili, atapata kiunzi kama hiki: nomino, idadi, kisha neno "imefutwa".

Tuyatazame matokeo. Mchango 1 umefutwa, michango 5 imefutwa. Risiti 1 imefutwa, risiti 5 zimefutwa. Jina 1 limefutwa, majina 5 yamefutwa. Mwanachama 1 ameondolewa, wanachama 5 wameondolewa. Umbo "imefutwa" ni la wingi katika ngeli ya U-I na ni la umoja katika ngeli ya I-ZI. Hivyo basi, programu inayotumia umbo hilo kwa kila nomino haikosei sarufi tu, bali hupotosha habari. "Risiti 5 zimefutwa" humaanisha kwamba risiti tano hazipo tena. "Risiti 5 imefutwa" humaanisha kwamba risiti moja, ile yenye namba 5, ndiyo iliyoondolewa. Mweka hazina akiusoma ujumbe wa pili ilhali programu ilikusudia wa kwanza, atatafuta risiti moja na kuziacha nne. Kiambishi kimoja kimebeba hesabu nzima.

Utatuzi wake una hatua mbili. Kwanza, sentensi zisiundwe kwa kuunga vipande. Kila ujumbe uandikwe mzima, mara mbili, kwa umoja na kwa wingi. Zana kama GNU gettext huruhusu jambo hili, na kwa Kiswahili huhitaji maumbo mawili: la idadi ya moja na la idadi nyinginezo. Pili, pale ambapo nomino ni lazima ibadilike, kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na programu ichague kiambishi kwa kuitazama ngeli hiyo. Jedwali la ngeli ambalo mwanafunzi wa shule ya upili hulikariri kwa ajili ya mtihani linageuka hapa kuwa sehemu ya msimbo.

Fedha kwa maneno

Risiti nzuri huonyesha fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Hapa pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba namba moja hadi tano, pamoja na nane, huchukua upatanisho: risiti mbili, majina mawili, wanachama wawili. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui. Anayeijaribu programu yake kwa sita na saba pekee ataridhika bure, kwani hitilafu imejificha kwenye mbili na nane. Funzo ni kwamba majaribio yachaguliwe kwa kufuata sarufi wala si kwa kubahatisha.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Shilingi 25,000 huandikwa "shilingi elfu ishirini na tano". Je, shilingi 20,005? Programu inayounga maneno kwa kufuata mpangilio wa tarakimu itaandika "shilingi elfu ishirini na tano" pia. Utata huu huondolewa na sauti na kituo katika mazungumzo, lakini karatasi haina sauti. Kanuni iliyo salama ni kulirudia neno "shilingi" baada ya maelfu, yaani "shilingi elfu ishirini, na shilingi tano", na kuziacha tarakimu zibaki kando kama shahidi.

Saa

Tatizo la nne ni la wakati. Baadhi ya wanaprogramu huitafsiri alama ya asubuhi ya Kiingereza na kuiacha namba ilivyo, risiti ikasoma "saa 8:00 asubuhi". Kwa Mswahili saa nane ni ya mchana au ya usiku. Saa nane asubuhi haipo. Ikiwa mkutano umetangazwa hivyo, nusu ya wanachama watafika saa mbili asubuhi na nusu saa nane mchana.

Utatuzi wake ni rahisi: ongeza 6 kwenye saa ya mfumo wa saa 24, gawanya kwa 12, uchukue baki, baki likiwa sufuri, andika 12. Saa 8 huwa 14, na baki ni 2. Saa 13 huwa 19, na baki ni 7. Saa 6 huwa 12, baki ni sufuri, kwa hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Muhimu ni kwamba hesabu hii ifanywe wakati wa kuonyesha tu. Ndani ya hifadhidata wakati ubaki katika mfumo mmoja, la sivyo kupanga michango kwa kufuata wakati kutaharibika.

Namna ya kuisaka hitilafu

Ikumbukwe kwamba si kila tatizo ni la lugha. Dirisha linaloganda wakati ripoti ndefu inatayarishwa, kwa mfano, husababishwa na programu kutumia mkondo mmoja wa kazi kwa mambo yote. Ni kama mwenye kibanda cha chakula anayepika, anayepakua na anayepokea pesa peke yake: akiinamia jiko, mteja haitikiwi. Dawa ni kuipeleka kazi ndefu kwenye mkondo mwingine ili dirisha liendelee kumsikia mtumiaji.

Kwa hitilafu yoyote, utaratibu ni ule ule. Kwanza, irudie mpaka ujue ni kitendo gani hasa kinachoileta. Pili, punguza: ikiwa jina refu linaleta kosa, jaribu nusu yake, kisha herufi moja moja, mpaka ibaki ritifaa peke yake. Tatu, usome ujumbe wa kosa neno kwa neno badala ya kuufunga. Nne, rekebisha chanzo wala si dalili, kisha ulihifadhi jaribio hilo ili hitilafu isirudi kimyakimya. Mwanafunzi aliyewahi kutafuta fonimu kwa jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja ataitambua mbinu hii mara moja.

Hitimisho

Kiswahili kimekwisha kuingia katika tarakilishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, nayo Microsoft ikafuata kwa kutafsiri baadhi ya programu zake. Mijadala mingi ya wasomi wetu tangu hapo imekuwa juu ya istilahi: kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mijadala hiyo ina nafasi yake. Hata hivyo, mifano tuliyoitoa inaonyesha kwamba programu inaweza kuwa na istilahi safi na bado ikamkataa Ng'ang'a, ikafuta risiti tano kwa jina la moja, au ikawaita watu mkutanoni kwa saa isiyokuwapo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vishirikiane na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi katika kazi tatu ndogo: kuandaa orodha ya majina yenye ng' kwa ajili ya majaribio, jedwali la ngeli lililo katika umbo ambalo programu inaweza kulisoma, na kanuni za kuandika fedha na saa. Kazi hizi hazihitaji mashine za gharama kubwa. Zinahitaji mtu anayejua ni kwa nini "zimefutwa" si "imefutwa", na watu hao wamo katika madarasa yetu.