Je, Wajua? Kompresa na Hewa Nyepesi ya Arusha

Msafiri atokaye Tanga kwenda Arusha hupanda kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ingawa baridi ya Meru humlaki mapema, liko jambo jingine limpatalo kimyakimya: hewa aivutayo imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu 15 katika 100. Mapafu ya binadamu huzoea. Kompresa haizoei abadani.

Chombo hiki, ambacho mafundi wa gereji za mtaa wa Unga Limited, Arusha, hukitumia kujaza upepo magurudumu ya magari ya watalii na kupiga rangi, ni mjukuu wa mivukuto ya mhunzi, ila mivukuto hupuliza tu, ilhali kompresa huvuta hewa, ikaibana na kuiweka akiba. Kibao kilichopigiliwa ubavuni mwake hutaja lita inazomeza kwa dakika, na aghalabu hesabu hiyo ni ya hewa ya pwani. Iliyoandikwa lita 1,000 humeza lita zizo hizo Arusha, lakini hewa iliyomo ni sawa na lita 850 hivi za Tanga. Tena, ili geji isome baa 7, hewa ya pwani hubanwa takriban mara 8. Ya Arusha sharti ibanwe zaidi ya mara 9, na kadiri ibanwavyo ndivyo ipatavyo moto.

Pamoja na hayo, mnunuzi akiingia dukani huuliza kwanza ukubwa wa tangi. Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo asili ya hasara nyingi, kwa kuwa tangi halizalishi hewa kama vile mtungi usivyozalisha maji. Tangi la lita 500 chini ya pistoni dhaifu humridhisha fundi kwa dakika chache, kisha bunduki ya rangi ikaanza kukohoa. Afadhali ahesabu hewa itakiwayo na zana zake zote zikifanya kazi kwa pamoja, aongeze ya kuvuja, kisha aongeze 18 kwa 100 kwa ajili ya mwinuko.

Kompresa ya pistoni yataka kupumzishwa, nayo yatosha gereji. Ile ya skrubu mbili zisokotanazo hutumika usiku na mchana, ikafaa viwanda vya nguo na bia. Lakini ukiiwasha kidogo kidogo haipati moto wa kukausha unyevu, maji yakachanganyika na mafuta yake. Kuinunulia gereji ndogo ni israfu. Huko Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, kompresa hukaa juu ya shimo, mabomba yakishusha hewa ya kuchorongea mwamba na ya kuvuta pumzi wachimbaji. Ikizima, si kazi peke yake isimamayo.

Wakati wa masika, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 20 huchukua gramu 17 hivi za maji, na sehemu kubwa yake huanguka tangini hewa ikishabanwa na kupoa. Yasipotolewa huifuata rangi, bodi ya gari ikatoka vipele. Nilimwona fundi mmoja wa mtaa wa Sakina, Arusha, jioni kabla ya kufunga geti, akichuchumaa na kulegeza koki chini ya tangi: ilifoka kwa kishindo, kopo alilokinga likajaa nusu, maji ya rangi ya chai, yananuka mafuta.