Venice na Hatari ya Kuwa Mpita Njia

Anayejiandaa kwenda Venice hupewa maonyo mengi, na mengi kati ya hayo yanaufaa mji mwingine wowote. Sehemu ya kale ya mji huo wa Italia haina magari, na hata baiskeli haziruhusiwi. Uporaji wa kutumia nguvu si jambo la kila siku. Ukizunguka vichochoroni usiku, linalokungoja zaidi ni kupotea, kwa kuwa nyumba hazihesabiwi kwa mtaa bali kwa wilaya nzima, na namba 3000 na kitu inaweza kuwa nyuma yako, mbele yako au ng'ambo ya mfereji.

Hata hivyo, wapo wageni wengi wanaoondoka wakiwa wepesi kuliko walivyokuja. Watu husema ni uzembe wao. Nadhani chanzo kikubwa zaidi ni tiketi ya kurudi: kila anayemdhulumu mgeni wa Venice anajua kwamba kesho mgeni huyo hatakuwepo.

Tuanze na wizi wa mfukoni. Uwanja wake ni madaraja yenye msongamano na vaporetto, mabasi ya majini yanayopita Mfereji Mkuu. Chombo kikikaribia gati, baharia hurusha kamba, huizungusha kwenye nguzo, kisha husukuma kizuizi pembeni. Kwa sekunde chache wanaoshuka na wanaopanda husongamana, kila mtu akitazama miguu yake asije akakanyaga pengo. Hapo ndipo mkono uliofunikwa skafu au ramani hufanya kazi. (Siku hizi kijana mwenye simu nzuri anayeshika ramani ya karatasi anastahili kutazamwa mara mbili.) Begi la mgongoni livuliwe na kushikwa mbele, jambo ambalo mabaharia wenyewe hulidai ili kuokoa nafasi. Mabango ya kuonya nayo yapo, ila mgeni akishayasoma hupapasa mfuko wenye pochi, na mwizi hupunguziwa kazi ya kutafuta.

Mwaka 2023 video za wakazi wa kundi la Cittadini Non Distratti, wanaowapigia kelele wezi hadharani, zilisambaa duniani. Ukitaka kujua kwa nini raia wafanye kazi inayofanana na ya polisi, tazama pia sheria. Mwisho wa 2022 yalianza kutumika marekebisho ya sheria za jinai yanayojulikana kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Sheria, Marta Cartabia. Nia ilikuwa kupunguza mlundikano wa kesi mahakamani. Kwa makosa kadhaa, wizi wa mfukoni ukiwemo, kesi ikawa haiendi bila malalamiko rasmi ya aliyeibiwa. Tena mlalamikaji akiitwa kutoa ushahidi asitokee bila sababu ya maana, anahesabiwa kuwa ameyaondoa malalamiko yake. Kwa mkazi, huo ni utaratibu wa kawaida. Kwa mtu aliyekwisha kurudi Osaka au Dodoma, ni kumwambia apande ndege akatetee pochi.

Mezani hesabu ni ileile. Mwaka 2018 wanafunzi wanne kutoka Japani walitozwa zaidi ya euro 1,100 kwa mlo mmoja karibu na uwanja wa San Marco, habari iliyomlazimu hata meya kuizungumzia. Mkahawa unaotegemea jirani arudi kesho hauthubutu. Kwa hiyo uliza bei ya samaki kabla hajapikwa, maana mara nyingi huuzwa kwa uzito, na uzito huo hujulikana vizuri zaidi bili ikifika. Gondola ina bei iliyopangwa na mji: tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa nusu saa mchana na 110 kuanzia jioni, nayo ni ya chombo kizima, si ya kila kichwa.

Maji nayo yana desturi zake, na mpita njia hakai muda wa kutosha kuzijua. Ngazi za mawe zinazoshukia mfereji huota ukoga, na maji yakipwa ule utelezi wa kijani hubaki wazi, ukimngoja anayerudi nyuma hatua moja ili picha ienee. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda hadi sentimita 187, kiwango kilichopitwa tu na cha 1966. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya mradi wa MOSE huinuliwa kuzuia bahari, lakini si kwa kila maji yanayojaa. Utabiri wa maji hutangazwa kila siku, na mkazi huusoma kabla ya kuchagua viatu.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hasara kubwa ni pasipoti, kwa kuwa ndiyo iliyobeba viza ya Schengen. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Roma, mwendo wa saa nne hivi kwa treni ya kasi. Pasipoti iache mahali salama unapolala, utembee na nakala, na picha yake uihifadhi nje ya simu hiyo moja.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Venice huwapa wengi saa chache, na tangu Aprili 2024 wasiolala hapo hutozwa ada ya kuingia kwa siku maalumu. Ukiweza, lala. Ukiibiwa, andikisha malalamiko siku hiyohiyo, hata kama huna nia ya kurudi kortini. Ubalozi na kampuni ya bima watayataka hayo maandishi, na bila hayo, mwizi akikamatwa, huenda akatoka kituoni kabla ndege yako haijaruka.