Uhamaji wa Waeire katika utafiti wa nasaba

Uhamaji wa Waeire katika utafiti wa nasaba ni jitihada ya kujua kwa nini mtu fulani aliondoka katika kisiwa cha Eire (Ayalandi) na kwenda kuishi ng'ambo, hasa Marekani, Kanada, Australia au Uingereza. Wanaouliza swali hilo kwa kawaida ni vitukuu wa wahamiaji, na wengi wao huanza wakiwa na jibu tayari: njaa. Jibu hilo ni kweli kwa watu wengi sana. Lakini Waeire walihama kabla ya njaa, na waliendelea kuhama miaka mingi baada yake. Hati inayotaja sababu ya mtu mmoja kuondoka ni nadra. Kwa hiyo sababu hutafutwa kwa kulinganisha mwaka aliosafiri, kitongoji alikotoka, nafasi yake kati ya ndugu zake na aliyelipa nauli.

Njaa Kuu

Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 nchini Eire. Maskini wa vijijini walikodi vipande vidogo vya ardhi na kuishi kwa viazi mviringo karibu peke yake. Mwaka 1845 viazi vilishambuliwa na bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wa viazi wa Afrika ya Mashariki wanaufahamu hadi leo. Mavuno yaliharibika tena miaka iliyofuata, huku nafaka ikiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamefariki kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama.

Hata hivyo, njaa haikuwapiga wote sawasawa. Kaunti za magharibi, kama vile Mayo, ziliumia kuliko zile za mashariki. Tena wako waliofukuzwa na wamiliki wa ardhi waliotaka kupunguza wapangaji. Mwaka 1847 Denis Mahon, mwenye shamba kubwa la Strokestown katika kaunti ya Roscommon, aliwalipia nauli wapangaji karibu 1,500 waende Kanada. Wengi wao walikufa safarini au walipofika. Mahon mwenyewe aliuawa kwa risasi mwezi Novemba mwaka huohuo. Katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île, kwenye mto Saint Lawrence, walizikwa wahamiaji zaidi ya 5,000 mwaka 1847 pekee.

Mfano mwingine unaonyesha kwa nini mwaka wa kusafiri hautoshi kuwa jibu. Patrick Kennedy aliondoka Dunganstown, kaunti ya Wexford, mwishoni mwa miaka ya 1840, wakati wa njaa. Alifika Boston, akafanya kazi ya kutengeneza mapipa, akafariki mwaka 1858. Lakini familia yake haikupoteza shamba: ndugu zake walibaki nalo, na rais John F. Kennedy, ambaye Patrick alikuwa baba wa babu yake, aliwatembelea jamaa hao palepale mwezi Juni 1963. Patrick alikuwa mtoto mdogo katika familia yenye kaka wakubwa. Njaa huenda ilimharakisha, lakini shamba hilo lisingekuwa lake hata kama viazi vingestawi.

Ardhi, urithi na nauli

Baada ya njaa desturi ya kugawa ardhi kwa wana wote ilififia. Shamba zima lilirithiwa na mtoto mmoja. Binti mmoja aliweza kuolewa kwa mahari, ambayo huko ilitolewa na upande wa bibi harusi. Ndugu waliobaki walikuwa na njia chache: kuwa vibarua kwa kaka yao, kuingia utawa au upadri, au kupanda meli. Ndiyo sababu mtu aliyehama mwaka 1885 kutoka familia isiyolala njaa si kitendawili. Karibu nusu ya wahamiaji wa kipindi hicho walikuwa wanawake, wengi wakiwa hawajaolewa, nao walipata kazi za ndani katika miji kama New York na Boston. Mshahara wao ulirudi nyumbani ukiwa fedha taslimu au tiketi iliyokwisha kulipiwa kwa ajili ya mdogo anayefuata. Kwa mhamiaji wa namna hiyo sababu iliyo karibu zaidi ni dada aliyetangulia.

Wako pia ambao hawakuchagua. Kuanzia mwaka 1791 hadi 1868 wafungwa kutoka Eire walipelekwa Australia. Kati ya mwaka 1848 na 1850 mabinti yatima zaidi ya 4,000 walitolewa katika nyumba za maskini na kusafirishwa hukohuko kwa gharama ya serikali.

Kumbukumbu zilizobaki

Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hifadhi ya nyaraka mjini Dublin iliteketea. Sensa za mwaka 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote. Zile za mwaka 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe kabla ya moto huo, jambo ambalo watafiti wengi husahau wanapolaumu vita. Sensa kamili za zamani zaidi zilizopo ni za mwaka 1901 na 1911.

Pengo hilo huzibwa na vitabu vya ubatizo vya parokia na kumbukumbu za vizazi zinazoanza mwaka 1864. Pia kuna orodha ya kodi ya ardhi iliyosimamiwa na Richard Griffith kati ya mwaka 1847 na 1864. Hiyo hutaja mpangaji na mwenye ardhi wa kila kitongoji. Jina likitoweka humo, huenda familia ilifukuzwa, ilihama au mkuu wake alifariki. Upande wa pili wa bahari, orodha za abiria wa meli za Marekani tangu mwaka 1893 huuliza nani alilipa nauli na msafiri anakwenda kwa nani. Kabla ya hapo, gazeti la Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya watu waliotafuta ndugu zao, mara nyingi yakitaja parokia ya kuzaliwa.

Kosa la kawaida ni kufuata jina. Annie Moore wa Cork alikuwa mtu wa kwanza kupokelewa katika kituo cha Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892. Alisafiri na wadogo zake wawili kuwafuata wazazi waliokwisha kufika New York. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas na kufia huko. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba Annie Moore wa Texas alikuwa mtu mwingine, mzaliwa wa Illinois. Yule wa Cork aliolewa na kuishi New York hadi kifo chake mwaka 1924.